Deni la taifa likilipwa, boti ya wagonjwa husimama ya ngapi kwenye foleni?

KaraniLangoni

Assalaam aleikum wenye jukwaa. Nyuzi za deni la taifa humu huanza na riba zikaishia matusi ya vyama. Huu naomba uwe wa hesabu na taratibu tu. Swali langu: Nairobi ikilipa riba, fedha ya zahanati ya Kizingitini au ya shule ya Watamu hupotelea njia gani hasa? Maana hakuna barua iliyowahi kufika Lamu ikisema tumekata zenu tukawalipa wa ng'ambo.

Barua hiyo haifiki kwa sababu hakukatwi kitu. Kifungu cha 219 cha Katiba kinataka mgao wa kaunti upelekwe bila kukawizwa pasipo sababu na bila kukatwa. Kukata kunaonekana, na mtu atakwenda mahakamani. Kukawiza kuna visingizio mia. Ndiyo maana mzigo wa deni hupitia kwenye tarehe zaidi kuliko kwenye kiasi.

Tizameni foleni yenyewe. Kodi huingia Mfuko Mkuu wa Serikali, Benki Kuu. Kifungu cha 214 kinalifanya deni la umma kuwa dai la moja kwa moja juu ya mfuko huo; halingoji kupigiwa kura kama bajeti ya wizara. Pamoja nalo mbele wamo wastaafu wa serikali na mishahara ya wenye nyadhifa za kikatiba. Hao wakishachukua ndipo zije wizara, mishahara ya watumishi wengine, na kaunti. Miradi ya maendeleo iko mkiani.

Mwezi wenye malipo makubwa ya nje, Hazina ya Taifa haiwezi kumwambia mwenye hati fungani, yaani aliyeikopesha serikali, arudi wiki ijayo. Kaunti inaweza kuambiwa hivyo, na huambiwa.

NahodhaPate

Karani, tia tarakimu. Mitaani wanasema katika kila shilingi 100 ya kodi, 70 zinamezwa na deni. Kweli au porojo?

HesabuMalindi

Kweli nusu, na hiyo nusu ya pili ndiyo inayowachanganya watu.

Mwaka wa fedha 2023/24 Kenya ililipa madeni karibu trilioni 1.6, na mapato ya kawaida yalikuwa karibu trilioni 2.3. Gawa, utaipata hiyo 70 ya mitaani. Lakini ndani ya trilioni 1.6 mna vitu viwili visivyofanana. Kuna deni lenyewe lililoiva, ambalo sehemu kubwa hulipwa kwa kukopa tena: hati ya hazina ya siku 91 ikiiva leo, serikali huuza nyingine kesho ikamlipa mwenye ile ya kwanza. Hiyo haikugusi moja kwa moja mradi wakopeshaji bado wako.

Kitu cha pili ni riba, ambayo ndiyo inayokula huduma. Mwaka huo riba peke yake ilikuwa karibu bilioni 840. Mgao wa usawa, yaani fedha ambayo serikali kuu huzigawia kaunti zote 47, ulikuwa bilioni 385.4. Riba ilikuwa zaidi ya mara mbili ya fedha ya kaunti zote.

Na kabla hamjaanza kulaumu Wachina na Wazungu: zaidi ya bilioni 620 za riba hiyo zilikuwa za deni la ndani. Aliyelipwa ni benki ya hapa hapa, mfuko wa pensheni, kampuni ya bima, na huenda na wewe kama umefungua akaunti ya DhowCSD ukanunua hati fungani za elfu 50. (Mfumo wa kuuza deni la serikali wameupa jina la jahazi. Watu wa Lamu tudai haki ya jina.)

BintiMkomani

Bilioni 840 sizioni machoni. Nipe kitu kimoja nikishike.

HesabuMalindi

Haya, kamata hiki. Februari 2024 Kenya iliuza hati fungani ya dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75, kusudi ipunguze ile ya dola bilioni 2 ya mwaka 2014 iliyokuwa inaiva Juni. Ile ya 2014 riba yake ilikuwa asilimia 6.875. Yaani tulitoa deni la bei nafuu tukaingiza la ghali ili tusikwame.

Asilimia 9.75 ya dola bilioni 1.5 ni dola milioni 146.25 kwa mwaka. Hulipwa mara mbili, Februari na Agosti, milioni 73 na kitu kila mara. Dola ikiwa Sh130, kuponi moja (malipo ya riba ya mara moja) ni karibu Sh bilioni 9.5.

Mgao wa usawa wa Lamu mwaka 2021/22 ulikuwa karibu bilioni 3.1, mdogo kuliko wa kaunti yoyote. Kuponi moja ya miezi sita, ya hati fungani moja tu, ni Lamu nzima kwa miaka mitatu. Kilifi ilipewa karibu bilioni 11.6, kwa hiyo Malindi na wenzake wote wa Kilifi wanaizidi kuponi hiyo kidogo.

Halafu kuna shilingi yenyewe. Ile ya dola bilioni 2 ilipokopwa 2014 dola ilikuwa karibu Sh88. Januari 2024 dola ikafika karibu Sh160. Deni halikuongezeka hata senti ya dola, ila kwa shilingi lilitoka bilioni 176 likafika 320. Hadi katikati ya 2024 dola ilikuwa imeshuka hadi kama 129, na hapo peke yake mzigo kwa shilingi ulipungua. Bajeti ya zahanati haipangwi kwa dola, lakini bei ya dola huitikisa.

Mfamasia_wa_Visiwani

Mmeongea ya juu, niwashushe kwenye rafu ya dawa. Hapa ndipo kuchelewa kunapogeuka kuwa kukosa, na wengi hawajui kwa nini pengo haliishi hata fedha ikifika.

Vituo huagiza kwa robo mwaka. Hesabu ya oda: wastani wa matumizi ya mwezi, zidisha kwa miezi 3, ongeza mwezi 1 wa akiba, toa kilichoko rafuni, toa kilichokwisha kuagizwa. Mambo huharibikia kwenye huo wastani. Chukua dawa iliyotoka hivi: Januari 400, Februari 420, Machi 0 kwa sababu rafu ilikuwa tupu, Aprili 380. Karani asiyejua anagawa 1,200 kwa 4, anapata 300. Sahihi ni kugawa kwa miezi 3 ambayo dawa ilikuwepo, upate 400. Ukiagiza kwa 300 umejikosesha asilimia 25 ya mahitaji, na robo ijayo rafu itakuwa tupu tena, wastani ushuke zaidi. Hazina ilichelewa mara moja tu, kituo kinaumwa mwaka mzima.

Kwa hiyo anayejaza fomu: siku za rafu tupu ziandikwe pembeni, kila dawa na zake. Kituo kisichoandika siku hizo hakina wastani, kina bahati nasibu.

Kuna na fedha ya mzunguko. KEMSA, bohari la taifa la dawa, hununua, huuzia kaunti, hulipwa, hununua tena. Kaunti ikikawia kulipa kwa sababu mgao umekawia, bohari nalo linakosa cha kununulia. Oda huja nusu: gloves zimo, oksitosini (dawa ya kuzuia damu baada ya kujifungua) hamna. Oksitosini inataka nyuzi 2 hadi 8, kwa hivyo huwezi hata kujiwekea akiba kubwa kwenye kituo ambacho umeme wake ni wa kubahatisha.

Chanjo ni kesi yake. BCG na matone ya polio hununuliwa kwa fedha ya serikali, na malipo hutangulia ndipo mzigo uondoke. Fedha ikichelewa miezi miwili, mzigo hauchelewi miezi miwili, unachelewa zaidi, kwa sababu umepoteza zamu yako kwa mtengenezaji. Halafu ukifika: chupa moja ya BCG ni dozi 20, ukishaichanganya una saa 6, kisha unamwaga. Chupa zikiwa chache, kituo cha kisiwa chenye watoto wawili wachanga hakifungui chupa. Kinamwambia mama arudi siku ya kliniki. Mama huyo nauli ya mashua anaijua yeye. Asiporudi, mtoto anahesabiwa "hakuletwa".

NahodhaPate

Na mafuta ya boti. Nayaandika kwa sababu waandika bajeti hudhani boti ya wagonjwa ni kama gari.

Kanuni ya mafundi ni kwamba mashine ya farasi 100 ikipigwa mpaka mwisho hula karibu lita 38 kwa saa. Safari ya saa moja kwenda na moja kurudi ni lita 76. Lakini hutoki na 76. Baharini ni theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya akiba, maana ukitoka Pate na kusi linavuma, saa moja inakuwa moja na nusu. Kwa hiyo tangini iwe 114. Petroli tukiiweka Sh190, ni Sh21,660 za kujaza kabla mgonjwa mmoja hajapandishwa.

Kituo cha mafuta hutoa kwa mkopo kwa hati ya oda. Bili ikifika kiwango, mwenye kituo anafunga mkono, na ana haki, naye ananunua kwa taslimu. Hapo boti ipo, nahodha yupo, mshahara wake umelipwa, na haendi popote. Kwenye ripoti huduma "ipo".

Kibaya zaidi ni matengenezo. Kila saa 100 za kazi mashine inataka oili, chujio, plagi, na kutizamwa impela ya pampu ya maji. Zile zinki za chini zinazoliwa na chumvi badala ya chuma ziondolewe zikishaliwa nusu. Ni vitu vya bei ndogo, ndiyo maana huahirishwa kwanza fedha ikiwa haba. Zinki ikiisha, chumvi inahamia kwenye gia. Unanunua sehemu nzima ya chini ya mashine kwa kuokoa kipande cha zinki.

MwalimuWaHesabu_MLD

Nami niongeze la shule, fupi. Shule za kutwa za sekondari hupangiwa Sh22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka, asilimia 50 muhula wa kwanza, 30 wa pili, 20 wa tatu. Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge kwamba uwezo uliopo ni Sh16,900. Shule ya wanafunzi 300 ilitarajia 6,673,200, ikapata 5,070,000. Pengo ni 1,603,200.

Pengo haligusi walimu wa TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu, hao wana mshahara wao. Linawagusa walimu walioajiriwa na bodi ya shule, mlinzi, mpishi, umeme, kemikali za maabara. Na kwa kuwa nusu ya fedha ni ya muhula wa kwanza, ikichelewa Januari mkuu wa shule anachukua unga na maharagwe kwa mkopo, na mwenye duka huweka bei ya mkopo. Kilo ni ile ile, bei si ile.

ShelaMoja

Naona kila kitu kimebebeshwa deni. Mbona hamsemi la kaunti zenyewe? Kuna kaunti inakadiria kukusanya milioni 200 za ndani, inakusanya 120, na kandarasi zimeshatiwa saini kwa hesabu ya 200. Hizo milioni 80 ni bili zitakazokwama hata kama Hazina ingeleta fedha alfajiri. Tena kanuni zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato, na angalau asilimia 30 ya bajeti iwe maendeleo. Ngapi zinafuata?

KaraniLangoni

ShelaMoja, umesema kweli, na kuna njia ya kutenganisha kosa la Nairobi na la nyumbani. Mdhibiti wa Bajeti hutoa ripoti ya kaunti kila robo mwaka. Nenda ukurasa wa kaunti yako, usisome maneno, tafuta namba nne: bajeti iliyopitishwa, fedha iliyopokelewa kutoka Hazina, mapato ya ndani (lengo na kilichokusanywa), na bili zilizokwama pamoja na umri wake.

Fedha ya Hazina ikiwa pungufu ya ratiba na mapato ya ndani yamefikia lengo, lawama iende Nairobi. Fedha ya Hazina ikiwa imefika yote na bili bado zinapanda, mnaye mwizi au mzembe nyumbani. Vyote viwili vikiwa chini, msikubali upande wowote usingizie mwenzake. Umri wa bili nao unasema: bili ya miaka mitano haikuzaliwa na mgao wa mwezi uliopita.

Mtego wa mwezi Juni uangaliwe sana. Fedha ikifika siku za mwisho, bado kaunti inatakiwa kuomba idhini kwa Mdhibiti, ihamishe kutoka Mfuko wa Mapato wa Kaunti hadi akaunti ya matumizi, kisha ilipe kwa IFMIS, mfumo wa malipo wa serikali. Mwaka hufungwa 30 Juni. Isiyolipwa inarudi kwenye mfuko na kutaka bajeti nyingine. Kwenye karatasi kaunti "ilipewa ikashindwa kutumia". Nimeona watu wazima wakibishana redioni juu ya asilimia hiyo bila kuuliza fedha ilifika tarehe ngapi.

Kwa ule mgao wa bilioni 3.1, Lamu kwa mwezi ni kama milioni 258. Mishahara hutoka kwanza, kwa hivyo mwezi mmoja ukikosekana haukatwi sawasawa kila idara. Afya ya kinga, maji, mafuta, ukarabati, hivyo ndivyo vinavyofutika.

BintiMkomani

Na mwenye kuiuzia kaunti?

HesabuMalindi

Huyo ndiye mkopeshaji asiyehesabiwa. Ametia mali ya Sh milioni 1 kwa mkopo wa benki wa asilimia 17, kalipwa baada ya miezi 9: riba 127,500. Mwaka ujao anaitia hiyo kwenye bei ya zabuni. Kaunti inanunua dawa na saruji kwa bei yenye riba ndani, ila kwenye vitabu haionekani kama riba. Mdogo asiyeweza kungoja anafunga duka, wanabaki wawili watatu wenye misuli, na ushindani umekwisha.

Na wanaosubiri mno huundiwa deni jipya. Ushuru wa kutunza barabara unaotozwa kwenye mafuta ulipanda Julai 2024 kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa lita. Zile Sh7 zikauzwa mapema ili zipatikane bilioni 175 za kuwalipa wakandarasi waliokwama. Yaani kila lita ya petroli unayojaza, shilingi saba ilikwisha kutumika kabla hujafika kituoni. Wakandarasi wamelipwa, na sikatai kwamba walihitaji, lakini fedha ya kuziba mashimo ya kesho ndiyo iliyowalipa.

MwalimuWaHesabu_MLD

Kwa wenzetu je? Zambia na Ghana ziliacha kulipa. Huduma zilipona?

HesabuMalindi

Kuacha kulipa hakuna urahisi. Zambia ilikosa kuponi ya dola milioni 42.5, siku za neema zikaisha Novemba 2020, ikatangazwa imeshindwa. Makubaliano na serikali zinazoidai, dola bilioni 6.3, yalipatikana Juni 2023. Karibu miaka mitatu ya mazungumzo. Hata hivyo ndani ya kipindi hicho, mwaka 2022, ilifuta ada za shule za serikali na kuajiri walimu 30,000 na wahudumu wa afya 11,000. Kwa hiyo nafasi hupatikana, ila mkopeshaji mpya naye anakimbia na dola zinaadimika.

Ghana Desemba 2022 ilisimamisha malipo ya nje na kugeuza hata hati fungani za ndani. Hapo ndipo ile hesabu yangu ya riba ya ndani inapouma: wastaafu walikwenda kukaa nje ya Wizara ya Fedha Accra, Februari 2023, kwa kuwa akiba yao ya uzeeni ndiyo hizo hati. Anayetaka Kenya ifute deni la ndani aanze kwa kuangalia NSSF yake, akiba yake ya uzeeni, imewekwa wapi.

Ghana pia ilikuwa na sheria ya 2017 ya kuwekea kikomo fedha zilizotengewa kazi maalumu. Mtu alilipa tozo ya bima ya afya, sehemu ikabaki Hazina. Kikomo juu ya tozo hiyo kiliondolewa 2025. Tozo kuwa na jina la afya si dhamana kwamba itafika hospitali.

Kwa upande wa misamaha, Tanzania ilimaliza masharti ya mpango wa nchi maskini zenye madeni makubwa Novemba 2001, na kipindi hicho hicho ada ya msingi ikafutwa. Uganda tangu 1998 iliweka fedha ya msamaha kwenye mfuko wake peke yake wa kupambana na umaskini, na kiasi cha kila shule kikabandikwa ubaoni. Walifanya hivyo baada ya uchunguzi kuonyesha kwamba miaka ya 1991 hadi 1995 shule zilipata wastani wa asilimia 13 tu ya ruzuku yao.

NahodhaPate

Mmetaja kila mdai isipokuwa sisi. Wavuvi wa Lamu kama 4,600, Mahakama Kuu mwaka 2018 iliamuru fidia ya Sh bilioni 1.76 kwa sababu ya ujenzi wa bandari ya Lamu kuathiri uvuvi wao. Baadaye ikakubaliwa asilimia 65 iwe taslimu na 35 vifaa. Mbona hukumu ya mahakama haina nguvu ya hati fungani? Hilo si deni la serikali?

KaraniLangoni

Ni deni la serikali, lakini si "deni la umma" la kifungu cha 214. Lile ni la mikopo na dhamana. Fidia hulipwa kutoka kwenye bajeti ya wizara au taasisi husika, kwa hiyo inashindana na dizeli na mishahara ndani ya idara hiyo hiyo. Tena kwa kawaida mwenye hukumu dhidi ya serikali haruhusiwi kukamata mali ya serikali: huwezi kupeleka dalali akafunge kreni ya bandari.

Njia iliyopo ni hii. Wakili anaomba mahakamani cheti cha amri. Kinapelekwa kwa Mwanasheria Mkuu na kwa afisa mhasibu wa wizara, yaani katibu. Wasipolipa, inafunguliwa kesi ya kumlazimisha afisa huyo kwa amri ya mahakama. Akikaidi amri ndipo anashtakiwa kwa kudharau mahakama, na hapo ni yeye binafsi, si wizara. Wengi hukwama hatua ya kwanza kwa sababu cheti hupelekwa kwa Mwanasheria Mkuu peke yake, katibu akaja kudai hakuwahi kukiona. Nakala mbili, pande mbili, na muhuri wa kupokea kwenye kila moja.

NahodhaPate

Muhuri wa kupokea, nimeandika. Na tarehe juu yake?

KaraniLangoni

Tarehe na saa. Siku za kuhesabu zinaanzia hapo.